Jinsi ya kumtafuta babu aliyepotea na mashua

Kosa la kwanza, na mi mwenyewe nililifanya, ni kumuuliza bibi "baba yako alipotea mwaka gani". Hii ilikuwa 2011, bibi yupo Mbagala amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, hata kichwa hakuinua, akasema mwaka gani tena, mwaka wa zamani huo. Mazungumzo yakafia hapo. Nikakaa kama wiki mbili nikarudi na swali lingine, nikamwambia shikamoo bibi, hivi siku ile anaondoka upepo ulikuwa gani? Akaacha kukuna. "Kusi. Kusi linapiga mpaka makuti yanang'oka, na pilau ya maulidi bado ipo kwenye sufuria, mi nakomba ukoko."

Yaani hapo kanipa mwezi na karibu anipe na mwaka, na wala hajui kama kanipa.

Sasa fuatilia hesabu. Kaskazi linavuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, kusi linaingia na masika linakwenda mpaka Septemba, na kali yake ni Juni na Julai. Upande wa pili mwezi wa Kiislamu unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo Maulidi (wazee watakwambia Mfungo Sita) inazunguka misimu yote na kurudi palepale baada ya miaka kama 33. Ukikaa na kalenda ya kubadilisha Hijria, zipo za bure kwenye simu, utaona Maulidi iliangukia Juni au Julai kuanzia 1931 mpaka 1936, alafu haikurudi hapo mpaka 1964 hadi 1968. Na 1964 bibi alishakuwa mke wa mtu ana watoto, hawezi kuwa anakomba ukoko. Basi, tumebaki na miaka sita. Wenu anaweza asikumbuke maulidi akakumbuka daku, au idi ya kuchinja, au msimu wa maembe, chochote, we chukua vitu viwili ambavyo kalenda zake hazitembei pamoja uvikutanishe.

Swali la pili ni chombo gani, na usikubali jibu la "boti". Ngalawa sio dau, dau sio mashua, mashua sio jahazi, na mzee yeyote wa pwani atakutajia bila kufikiri. Inasaidia nini? Ngalawa ya mvuvi inatoka alfajiri inarudi jioni, hamna karani aliyeiandika popote, hapo usipoteze nauli, nenda moja kwa moja kwenye habari ya mjane huko chini. Ila mashua au jahazi lenye mzigo limepita forodhani, na mzigo una mwenyewe, na tajiri aliyepoteza mzigo wake hapati usingizi. Kwa hiyo uliza alibeba nini. Chumvi, chokaa, boriti za Rufiji, papa mkavu? Kwetu ilikuwa mbata, yaani nazi iliyokaushwa, na ukisikia mbata na kusi kwa pamoja unaanza kuwaza Mafia, maana kule ndo kwenye minazi na kusi ndo upepo unaokusukuma kuja Dar.

Alafu nenda Feri pale Magogoni, asubuhi sana kabla mnada haujachanganya, au nenda Kunduchi, utafute mzee mmoja aliyekula chumvi ya kweli umnunulie chai. Usimuulize habari za babu yako, hamjui. Muulize kitu kikizama Kwale, kile kisiwa cha njiani kati ya Mafia na Dar, kinaibukia wapi. Mi niliyemkuta alichovya kidole kwenye chai akachora ufukwe wote mezani, Mafia huku chini, Dar hapa katikati, akavuta ule mstari wa chai kwenda juu mpaka ukingo wa meza, akasema maji yanakwenda kaskazini mjukuu wangu, na kusi likiwepo ndo yanakimbia. Ni kweli, mkondo wa bahari yetu unaelekea kaskazini na wakati wa kusi unaongeza kasi. Maana yake ubao, tanga, au maiti ya mtu aliyezama kati ya Mafia na Dar haitaokotwa Mafia. Wengi wanapekua faili za wilaya aliyotokea marehemu wanakosa wanakata tamaa, kumbe walitakiwa wapekue za Bagamoyo, Pangani, na Unguja.

Tukija kwenye faili zenyewe. Nyaraka za Taifa wako Upanga, Mtaa wa Vijibweni. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, na kabla hujafunga safari ulizia utaratibu wa sasa ukoje. Enzi za Mwingereza sehemu zetu hizi zilikuwa Jimbo la Mashariki, kwa hiyo anzia hapo, alafu shuka kwenye wilaya, Mafia, Rufiji, Bagamoyo. Wa Unguja wana nyaraka zao Kilimani. Na ukiomba faili usitegemee kuona neno mashua, karani wa Kiingereza kwake kila chenye tanga aliita dhow, liwe jahazi la kwenda Muscat au kimashua cha watu watatu. Kama mtu wenu alipotea enzi za Mjerumani mambo ni mengine, Chole ya Mafia imeandikwa Tschole, Bagamoyo ni Bagamojo, na Juma unaweza kumkuta Djuma, kwa hiyo tamka jina kwa sauti kwanza kabla hujasema sio yeye.

Magazeti usiyadharau pia. Mambo Leo la serikali lilianza 1923 na lilikuwa la Kiswahili, Tanganyika Standard likaja 1930. Pale Mlimani, maktaba ya chuo, kuna sehemu ya East Africana ambako unaweza kuulizia ya zamani. Ukiwa na miaka sita tu na miezi miwili kila mwaka hiyo ni kazi inayokwisha, ukiwa na "mwaka wa zamani" haiishi mpaka unakufa. Ila jamani usifanye kila aliyepotea alipotea kwenye kimbunga. Vimbunga vikubwa kwetu vinahesabika, kile cha Zanzibar cha Aprili 1872 kilichovunja vyombo bandarini, na cha Lindi cha Aprili 1952. Vyote Aprili. Mtu wenu aliondoka Julai, basi yake ilikuwa kusi la kawaida tu na pengine mzigo uliozidi.

Haya, sasa mjane. Hapa ndo ningekuambia uweke nguvu zako zote. Chombo kidogo kikizama hakiachi karatasi, ila mtu aliyezama kaacha mke na mali, na hivyo viwili havitulii. Mtu akifa nyumbani mke anakaa eda miezi minne na siku kumi, yamekwisha. Mtu akipotea baharini je? Eda inaanza lini? Maiti hamna, matanga hayajaanuliwa, wengine wanasema kaonekana Mombasa, ndugu wa mume hawataki mirathi igawanywe, mke bado kijana na ana mchumba. Mwisho wa siku lazima mtu mwenye mamlaka aseme huyu ni marehemu, na kwa Waislamu wa pwani kabla ya Uhuru mashauri ya ndoa na mirathi yalikuwa yanafika kwa liwali, yule mkuu wa mji aliyewekwa na serikali. Penye ugomvi pana karatasi. Kwa hiyo wakati wenzako wanauliza mashua ilizama wapi, we uliza mama aliolewa tena lini na nani, na shamba lilienda kwa nani, na kina nani hawasalimiani mpaka leo kwa ajili ya hilo shamba. Hilo la mwisho uliza taratibu, na usiulize msibani.

Na karatasi yenyewe inaweza ikawa ndani kwenu. Mjomba wangu Kigamboni alikuwa na karatasi imekunjwa ndani ya kitambaa cheusi, ipo juu ya mlango tangu nazaliwa, tunaambiwa hirizi ya nyumba. Imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, nani angejua. Siku wanapaka rangi ikashushwa, nikaomba nipige picha, mjomba akasita, akakubali kwa sharti irudi ilipotoka. Nikamtumia mwalimu wa madrasa kwenye WhatsApp, akacheka sana. Sio Kuran, akasema, hiki ni Kiswahili, ni watu wanauziana minazi. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo miaka na miaka, kwa hiyo kila hirizi, kila kilichofungwa kwenye kasha la bibi, piga picha umpe anayesoma. Usiifungue kwa nguvu ikiwa imekauka, inavunjika kwenye mikunjo kama ganda la ubuyu.

Iliandikwa Mfungo Mosi 1355, mwezi ulioanza katikati ya Desemba 1936, muuzaji ni "mke wa marehemu", alafu jina la baba yake bibi kamili na la babu yake. Kumbe jina tulilokuwa tunalitafuta siku zote lilikuwa la utani la baharini, hakuna karani angeliandika. Na neno marehemu limefanya kazi nyingine, limeitoa 1936, maana mtu aliyepotea Juni bila maiti ni vigumu aitwe marehemu Desemba ileile. Sita ikawa mitano.

Nikaenda Mbagala kumsomea bibi, taratibu, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye "minazi 30 iliyopo shambani" akanikatisha.

"Thelathini? Ilikuwa arobaini."

Nikarudia kusoma, nikamwambia bibi imeandikwa 30. Akasema andika wewe, arobaini, mi nilikuwa naokota nazi zake. Hiyo kumi ndo ninayoitafuta mpaka leo, maana kama kuna aliyechukua kumi basi kuna karatasi nyingine, na kuna mlango mwingine wenye hirizi juu yake.