Kiwiliwili imara, mkono wenye nguvu: somo kwa warushaji na wachezaji wa wavu

Mkono haurushi mpira peke yake. Nguvu huanzia miguuni pale unaposukuma ardhi, hupanda nyongani, hupita kiwiliwili, ndipo ifike begani na kiganjani. Katika sevu ya tenisi, karibu nusu ya nguvu hutoka miguuni na kiwiliwilini. Kiwiliwili kikilegea, bega hufidia. Ben Kibler, daktari wa michezo, alikokotoa kwamba nishati inayofika mkononi ikipungua kwa asilimia 20, bega hulazimika kuongeza kasi ya kuzunguka kwa asilimia 34 ili mpira utoke na nguvu ileile. Kano za bega ndizo zinazolipa.

Tusichanganye hili na tumbo la kupiga picha. Tunazungumzia msuli wa ndani unaozunguka tumbo, misuli ya ubavu, ile midogo inayoshika pingili za mgongo, kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu), sakafu ya nyonga (misuli iliyo chini kabisa ya nyonga) na makalio. Kwa mtu asiye na maumivu ya mgongo, msuli ule wa ndani hukaza hata kabla ya mkono kuinuka.

Hatua ya 1: Pima. Bandika tepu mbili sambamba sakafuni, umbali wa sentimita 91. Kaa mkao wa pushapu, kila kiganja kwenye tepu yake. Mkono mmoja uvuke, uguse mwenzake, urudi. Kisha ule mwingine. Hesabu miguso ya sekunde 15. Fanya mara 3, pumzika sekunde 45 kila mara, chukua wastani. Mwenzako atazame nyonga: zikiyumba kila mkono unapoinuka, tatizo umeshaliona.

Hatua ya 2: Pumzi. Lala chali, magoti yamekunjwa. Vuta pumzi kwa pua mpaka mbavu za chini zipanuke pande zote, toa taratibu mpaka zishuke. Sasa kaza tumbo kama mtu anayesubiri ngumi, bila kulivuta ndani. Hesabu moja hadi kumi kwa sauti. Ukishindwa kuongea, umebana pumzi badala ya kukaza misuli, na uwanjani utalegea mara tu utakapohema.

Hatua ya 3: Mkono na mguu kinyume. Ukiwa chali, nyoosha mikono kuelekea dari, inua magoti yawe nyuzi 90. Shusha mkono wa kulia nyuma ya kichwa na mguu wa kushoto mbele kwa pamoja, kwa sekunde 3, urudi. Seti 3 za marudio 8 kila upande. Hapa ndipo wengi huharibu: mgongo wa chini unaachia sakafu, mbavu zinachomoza, nao wanaendelea kuhesabu. Rudio la namna hiyo lisihesabiwe. Fupisha mwendo wa mguu mpaka mgongo utulie.

Hatua ya 4: Planki ya ubavu. Lala ubavu, jiinue kwa kiwiko na miguu, mwili unyooke, ushikilie. Sekunde 10, mara 6 kila upande. Bega liwe juu ya kiwiko.

Hatua ya 5: Kuzuia mzunguko. Funga bendi ya mazoezi kwenye nguzo, usawa wa kifua. Simama ubavu kwa nguzo, shika bendi kifuani, isukume mbele, shikilia sekunde 2. Bendi itataka kukugeuza; kataa. Seti 3 za 10 kila upande.

Hatua ya 6: Kurusha mpira mzito. Kilo 2 hadi 4, ukutani, ukiwa umesimama ubavu. Nyonga igeuke kwanza, bega lifuate, mikono iwe ya mwisho. Seti 4 za 5 kila upande, pumzika dakika moja na nusu. Mpira ukizidi uzito, mikono huwahi na mpangilio wote huvurugika.

Hatua ya 2 hadi ya 5 fanya mara 3 kwa wiki. Ya 6 mara 2, mwili ukiwa haujachoka. Pima tena baada ya wiki 6.

Maswali ya wanachama

*Kocha, nashika planki dakika 4, lakini smashi yangu haijaongezeka kasi. Nakosea wapi?*
Planki imekufundisha kustahimili ukiwa umetulia. Smashi inataka kiwiliwili kikaze na kupitisha nguvu kwa muda mfupi mno. Punguza planki, ongeza hatua ya 5 na ya 6, halafu nenda ukapige mipira.

*Tufanye kabla au baada ya mazoezi ya kurusha?*
Kabla, seti moja nyepesi ya hatua ya 2 na ya 3 inatosha kupasha misuli. Kazi nzito ya hatua ya 4 na ya 5 iwe baada. Ukikichosha kiwiliwili kwanza, utarusha kwa bega.

*Shikamoo mwalimu. Bega linaniuma nikiinua mkono. Mazoezi haya yataniponya?*
Marahaba. Acha kurusha kwanza, ukapimwe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, hasa kama maumivu yanakuamsha usiku au mkono unakufa ganzi. Hatua ya 2 unaweza kuendelea nayo. Ya 3 ifanye kwa miguu tu, mikono ikiwa imetulia pembeni.

*Bendi sina. Je, naweza kuiruka hatua ya 5?*
Usiiruke. Kaa mkao wa pushapu, miguu upana wa mabega, gusa bega la kushoto kwa mkono wa kulia, kisha badilisha, polepole, nyonga zisiyumbe. Mara 10 kila upande. Zikiyumba, panua miguu zaidi.