Kabla hujaingia mitaani Singapore: mambo ya kuweka sawa

Anza na cheti cha homa ya manjano. Ukitokea Kenya au Uganda utaulizwa, na chanjo haihesabiki mpaka zitimie siku 10, kwa hiyo usiikimbilie wiki ya safari. Fomu ya kuingia nchini hujazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, tovuti inayokudai hela kwa fomu hiyo si ya serikali, ifunge. Plagi usinunue, ni zile zile za pini tatu bapa tunazotumia nyumbani. Bigijii ziache, zimepigwa marufuku kuingizwa tangu 1992. Sigara za umeme ndizo usithubutu kabisa, hata kuwa nayo tu mfukoni ni kosa.

Vaa viatu vya kuvulika haraka. Utavivua kila hekalu la Kihindu na kila msikiti, na mwenye buti la kamba ndefu atakuwa anawachelewesha wenzake kutwa nzima. Tia soksi mfukoni, maana sakafu ya ua wa hekalu ikishapigwa na jua huunguza nyayo. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja kwenye mkoba inamaliza habari hiyo, na mvua ikija ni mtandio.

Sasa milango. Hapa ndipo siku za watu huharibikia.

Kwa kuwa mji ni mdogo na treni hazikawii, wengi hupanga siku kwa kutazama ramani. Niliwahi kufuatana na kundi lililopangiwa ratiba ya namna hiyo, tena siku ya Ijumaa. Chai ya hotelini ikanoga, tukashuka Little India, mtaa wa Wahindi, jua limeshafika utosini. Mahekalu ya Kihindu kule hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena jioni. Sri Veeramakaliamman, pale Serangoon Road, lango lilikuwa limeshafungwa. Muuza maua aliyekuwa akitunga asumini hakuinua hata uso, alituambia tu turudi jioni. Haya, tukakimbilia Kampong Glam, mtaa wa zamani wa Waislamu. Masjid Sultan siku ya Ijumaa haupokei watalii. Sisi Waislamu tuliingia tukasali. Wenzetu Wakristo wakabaki Bussorah Street chini ya baraza za maduka, mvua ya mchana ikawakuta hapo hapo. Mvua ya Singapore hainyunyizi, inamwaga. Tulipotoka tuliwakuta wamenuna, suruali zimelowa hadi magotini, na cha kuonyesha ni picha za kuba la dhahabu tu. Wala hawakujua walichopiga: ule mkanda mweusi chini ya kuba ni vitako vya chupa za kioo vilivyopangwa safu kwa safu, mchango wa waumini maskini ili nao wawe na sehemu yao katika jengo hilo lililokamilika 1932. Mtu wa kuwaambia alikuwa ndani anasali.

Kwa hiyo panga siku kwa saa za milango. Asubuhi na mapema Little India, hekalu kwanza, halafu chakula Tekka Centre. Saa nane mchana uwe Masjid Sultan, kwa sababu wageni huingia saa nne hadi saa sita na saa nane hadi saa kumi, si Ijumaa. Jioni nenda Chinatown, ambako Sri Mariamman, hekalu la Kihindu kongwe kuliko yote mjini, lililoanzishwa 1827, hufungua tena. Ndiyo, hekalu la Kihindu katikati ya Chinatown, na Masjid Jamae uko hatua chache tu kutoka hapo. Vituo vyote vitatu, Little India, Bugis (cha kushukia Masjid Sultan) na Chinatown, viko kwenye njia moja ya treni, ile ya buluu. Kadi yako ya benki ya kugusisha inatosha kwa nauli. Ndani ya treni usile wala usinywe, hata maji. Faini inafika dola 500 za Singapore.

Kwenye mabanda ya chakula, pakiti ya tishu ikiwa mezani, meza hiyo ina mwenyewe. Tafuta nyingine, na nunua tishu zako, wauzaji wengi hawatoi. Kuwa na pesa taslimu. Trei urudishe mwenyewe, ni sheria tangu 2021, na utazame rafu vizuri: ya vyombo vya halali iko mbali na nyingine. Ukiziweka ovyo utaangaliwa kwa jicho ambalo hutalisahau. Mtu wa Mombasa aonje murtabak karibu na msikiti, atamkumbuka muuza mkate mayai wa kwao. Asishangae pia majina ya Alsagoff na Aljunied: ni koo za Wahadhrami, Waarabu wa Yemen, watu wale wale waliofika Lamu na Unguja.

Mwavuli beba hata kukiwa kweupe. Maji ya bomba yananyweka, chukua chupa. Aliye kwenye ibada usimpige picha bila kumwomba ruhusa. Ukiwa Arab Street jihadhari na bei ya kwanza ya kitambaa. Na kabla ya yote hayo, bado uko nyumbani: mtu akikuomba umpelekee kifurushi, hata kama ni jirani, hata kama ni dagaa, kataa. Kule anayeingiza dawa za kulevya anaweza kunyongwa, na begi likiwa na jina lako ni lako.