Kabla ya Kuunganisha Safari Mbili kwenye Meli Moja: Mambo ya Kuzingatia

Kuna abiria ambao wiki yao baharini ikiisha hawashuki na masanduku kama wenzao. Meli inatia nanga alfajiri, abiria wapya wanapanda mchana, jioni inaondoka tena, na wao bado wako chumba kile kile. Ni safari nzuri, hasa Mediterania, ambako meli inaweza kuzunguka magharibi wiki moja, Barcelona, Marseille na Genoa, na wiki inayofuata ikaelekea visiwa vya Ugiriki na pwani ya Uturuki. Tiketi ya ndege ni moja, bahari unazitembelea mbili.

Lakini kwa kampuni ya meli na kwa maofisa wa mpakani, hizo ni safari mbili, kila moja na mkataba wake, namba yake na ukaguzi wake. Karibu kila kosa nililoona watu wakifanya linatokana na kulisahau hilo.

Anza na chumba. Kata tiketi za safari zote mbili mapema ili upate namba ile ile ya chumba. Ukikosa, utahama siku ya katikati: utafungasha asubuhi, mhudumu wa chumba atakusaidia kuhamisha, na nguo zilizotundikwa kwa kawaida huhamishwa zikiwa kwenye henga zake. Si balaa, ila siku yako imeliwa.

Jisajili mtandaoni mara mbili, kwa kila namba ya tiketi. Watu hujisajili safari ya kwanza wakadhani wamemaliza. Kisha iarifu kampuni kwamba namba hizo mbili ni za mtu mmoja anayeendelea. Usitegemee kwamba kompyuta yao itagundua.

Siku ya kubadilisha abiria usilale hadi saa nne. Jioni ya kuamkia siku hiyo utaletewa barua chumbani ikieleza saa na ukumbi wa kukutana. Wanaoendelea hukusanywa, hati hukaguliwa, kadi mpya za chumba hutolewa. Bandari nyingine hutaka meli iwe tupu kabisa kabla ya mtu yeyote kurudi ndani, hivyo mtashushwa pamoja, mtapita uhamiaji, kisha mtapandishwa kabla ya abiria wapya. Ukitaka kutembea mjini, toka na pasipoti na kadi mpya. Ile ya zamani haikurudishi melini.

Sasa viza. Hapa kaa chini usome polepole.

Kwenye karatasi ya viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kuna sehemu inayosema umeruhusiwa kuingia mara ngapi. Utakuta 01, 02 au MULT, yaani mara moja, mara mbili au mara nyingi. Wengi wetu hutazama tarehe tu.

Katika safari moja ya namna hii nilikutana na mama wa Mombasa aliyekuwa na binti yake. Binti anaishi Uingereza na ana pasipoti ya huko. Mama alikuwa na pasipoti ya Kenya. Nilimsikia kwenye foleni ya chai akimkataza binti asijaze sahani, nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia kwa furaha, "Marahaba mwanangu! Kumbe tupo wengi." Tukawa tunakula meza moja.

Mpango wao wa awali ulikuwa wiki moja melini, Barcelona hadi Civitavecchia, ambayo ndiyo bandari ya kwendea Roma, kisha wiki moja ya kupumzika Roma hotelini. Viza iliombwa kwa mpango huo na ikatoka kwa mpango huo: siku za kutosha, kuingia mara moja. Haikuwa na kasoro yoyote. Baadaye, safari ikiwa imekaribia, kampuni ikashusha bei ya wiki ya pili ya meli ile ile: Santorini, Kuşadası, Mykonos, Napoli, na kurudi Civitavecchia. Chumba chao kilikuwa hakijachukuliwa na mtu. Wakafuta hoteli, wakalipia meli. Kwenye tovuti kulikuwa na kisanduku cha kuthibitisha kwamba msafiri anazo hati zote zinazotakiwa. Wakatia tiki, kama kila mtu anavyotia tiki.

Barcelona walipanda bila neno, kwa sababu pale walikaguliwa kwa safari ya kwanza, nayo haikutoka nje ya Schengen hata kidogo. Wiki nzima hakuna aliyewauliza kitu. Asubuhi ya Civitavecchia tukakusanywa ukumbini. Mhudumu akafungua pasipoti ya mama, akageuza kurasa, akarudi ukurasa ule ule, akaenda kumwita mkubwa wake.

Yule mkubwa hakuwa mkali. Alieleza taratibu kwamba Kuşadası iko Uturuki, nje ya Schengen. Meli ikitoka Ugiriki kwenda huko, viza ya kuingia mara moja imeshatumika, na meli ikirudi Mykonos mama hatakuwa na ruhusa ya kuingia tena. Binti akasema basi mama hatashuka Uturuki, atabaki chumbani siku hiyo. Akajibiwa kwamba hilo halisaidii: meli ikivuka mpaka, waliomo wote wamevuka. Binti akauliza kama ni Uturuki inayomkataa. Uturuki haikuwa na shida naye. Tatizo lilikuwa kurudi Ugiriki na Italia.

Wakapewa muda mfupi wa kufungasha. Vitu vya wiki nzima vilikuwa vimetandazwa chumbani, maana walijua wanabaki. Niliwasaidia kubeba mfuko wa dawa na viatu hadi mlangoni pa kutokea. Mama alikuwa akirudia kumuuliza binti, "Kwani nimekosa nini mimi?" Pasipoti ya binti ilimruhusu kuendelea, lakini angemwachaje mama yake kwenye gati la ugenini? Wakashuka wote wawili. Ilikuwa kiangazi, Roma imejaa watalii, hoteli waliyoifuta ilishachukuliwa na waliyoipata ilikuwa ghali mara kadhaa. Nauli ya wiki ya pili haikurudishwa, kwa kuwa mkataba huweka jukumu la hati kwa abiria. Bima nayo haikulipa. Bima nyingi za safari hazimlipi mtu aliyezuiwa kwa kukosa nyaraka.

Nasema wazi kwamba kampuni inayomuuzia mtu safari inayotoka Schengen na kurudi, huku ikijua uraia wake, ingepaswa kumuuliza viza siku ya kupokea hela, si siku ya kumshusha. Lakini hadi watakapofanya hivyo, kazi ni yako.

Kwa hiyo chukua ratiba ya wiki zote mbili, uziandike bandari kwa mfuatano, na kwa kila moja ujiulize kama iko ndani ya Schengen. Hispania, Ufaransa, Italia, Ugiriki na Malta zimo. Kroatia imeingia tangu 1 Januari 2023, na ushauri wa zamani unaosema imo nje usiufuate. Uturuki, Tunisia, Montenegro, Albania na Uingereza haziko. Ikiwa kuna bandari hata moja ya nje katikati ya mbili za ndani, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Iombe hivyo kwenye fomu, na ambatisha uthibitisho wa tiketi zote mbili pamoja na barua fupi inayotaja bandari hiyo kwa jina na tarehe. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, hupelekwa kwenye nchi utakakokaa siku nyingi zaidi, na ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Hesabu siku kwa wiki zote mbili kabla ya kuamua unaomba wapi, maana nchi inayoongoza wiki ya kwanza huenda isiongoze ukijumlisha.

Na ukishapata viza, usibadili ratiba bila kuirudia hesabu hiyo. Yule mama alianguka hapo. Bei ikishuka ghafla, soma viza kwanza, lipa baadaye.

Siku nazo zihesabu. Siku ya kuingia ni siku, ya kutoka ni siku, na kwa jumla huruhusiwi kuzidi 90 ndani ya kila 180. Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kutumia mfumo wa alama za vidole na picha badala ya mhuri, na kompyuta haisahau.

Bima ifunike tarehe zote, kuanzia unapotoka nyumbani hadi unaporudi. Schengen inataka bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000. Mimi ningekata kubwa zaidi, kwa sababu zahanati ya meli hutoza kama hospitali binafsi, na kumsafirisha mgonjwa kutoka kisiwani ni gharama ya kuuza kiwanja.

Zoezi la usalama utalirudia wiki ya pili. Usinung'unike, nenda. Civitavecchia hiyo hiyo ndiko meli ya Costa Concordia ilikoondoka jioni ya 13 Januari 2012, na saa chache baadaye ikagonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio. Watu 32 walikufa. Abiria waliopanda jioni ile hawakuwa wamefanya zoezi. Kanuni ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu 2015 lazima lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Basi kituo chako cha kukusanyikia kijue, na kama umehama chumba, thibitisha kama kimebadilika.

Pesa. Bili ya wiki ya kwanza hufungwa usiku wa mwisho na mpya hufunguliwa. Isome ile ya kwanza kabla hujalala, maana kudai baada ya kufungwa ni mzunguko mrefu. Kadi yako ya benki inaweza kuzuiliwa kiasi fulani cha dhamana kwa kila safari, na cha kwanza kikawa bado hakijaachiliwa cha pili kinapozuiliwa. Anayetumia kadi ya akaunti ya kawaida anaweza kujikuta hana hela ya kununua maji bandarini. Kadi za benki zilizo kwenye simu tu, zisizo na plastiki, usizitegemee kaunta ya meli. Vifurushi vya intaneti na vinywaji huishia na safari, kwa hiyo usinunue kikubwa siku ya sita. Bakshishi ya kila siku nayo inakatwa upya.

Chakula na burudani vya wiki ya pili mara nyingi ni vile vile vya wiki ya kwanza. Anayekula halali aandike ombi lake kwenye tiketi zote mbili, si moja, na alirudie kwa msimamizi wa chakula jioni ya kwanza ya kila safari.

Dawa beba za siku zote na ziada ya wiki moja, kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Kwa anayetoka Kenya, Uganda, Kongo au Burundi, kitabu cha njano cha homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti. Malta, Jamaica na Bahamas ni kati ya nchi zinazokitaka kwa wanaotoka maeneo yenye ugonjwa huo. Chanjo huanza kuhesabika baada ya siku 10, na tangu 2016 cheti ni cha maisha.

Kwa walioko Marekani kuna mtego mwingine. Sheria ya 1886 inazuia meli ya kigeni kumbeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kumshusha kwenye nyingine tofauti, isipokuwa ikipitia bandari ya mbali ya nchi nyingine. Kanada na Meksiko hazihesabiki kuwa mbali. Chukua safari ya Los Angeles hadi Vancouver: ni halali. Vancouver hadi Seward kule Alaska: ni halali pia. Ziunganishe kwenye meli moja, umekuwa abiria wa Los Angeles hadi Seward, na hilo ni kosa lenye faini kwa kila kichwa. Tovuti inaweza kukuuzia zote mbili, kisha ikakuandikia baadaye kwamba moja imefutwa, wakati tiketi za ndege umeshazilipia. Meli zinazoondoka Florida na kurudi pale pale hazina shida hiyo, lakini kila wiki unaingia Marekani upya, na viza ya kuingia mara moja huenda isikufikishe wiki ya pili.

Fika mji wa kupandia siku moja kabla. Nawa mikono kwa sabuni kila uendapo kula, maana ugonjwa wa kuhara ukiingia melini unaenea haraka, na nusu ya watu uliozoea kula nao watakuwa wapya. Ukiugua sema. Usikubali mtu akubebeshe mzigo wake kwa sababu eti wewe hushuki. Watoto wasiachwe kwenye roshani ya chumba peke yao, hata kwa dakika ya kwenda chooni. Kuwa makini na saa ya meli na saa ya bandari, ambazo hazilingani kila mahali. Na nakala ya pasipoti, viza na namba zote mbili za tiketi ziache kwa mtu wa nyumbani anayepokea simu hata usiku.