Kusomea tiba lishe California: anzia chuo cha jamii, panga ukianzia mwisho

Mtu anayefika Marekani akiwa na nia ya kusomea lishe huambiwa mapema na jamaa zake kwamba aanzie chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, kwa kuwa ada ni nafuu na masharti ya kuingia si magumu. Ushauri huo ni sahihi, ila huishia njiani. Ni nadra mgeni kuelezwa kwamba fani hii ina mfuatano wa masomo ya sayansi yanayotegemeana, na kwamba aliyechagua vibaya somo moja katika muhula wa kwanza anaweza kuchelewa mwaka mzima. Hapa ninaeleza utaratibu wa California, nilikosomea mimi. Majimbo mengine yana yake, ingawa masharti ya usajili wa kitaifa ni yale yale.

Tuanze na masharti hayo. Tangu Januari 1, 2024, anayetaka kufanya mtihani wa CDR, tume inayosajili wataalamu wa tiba lishe, ni lazima awe na shahada ya uzamili, awe amesoma katika programu yenye ithibati ya ACEND, baraza linaloidhinisha programu za masomo ya lishe, na awe amekamilisha mafunzo kwa vitendo yasiyopungua saa 1,000, ambayo mara nyingi hayana malipo. Miaka miwili ya chuo cha jamii, kwa hiyo, ni theluthi tu ya safari, na si kila shahada yenye neno lishe katika jina lake inakufikisha kwenye mtihani huo. Kabla ya kujiandikisha popote, tafuta katika orodha ya ACEND chuo kikuu unachokusudia kuhamia, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye somo la kwanza.

Chombo cha kurudia nyuma ni tovuti ya ASSIST, ambayo ni ya bure. Unachagua chuo chako cha jamii, unachagua chuo kikuu cha umma cha mfumo wa CSU (California State University) au UC (University of California), nayo inakuonyesha somo lipi la huku linakubaliwa badala ya lipi la kule. Vyuo vingi vya jamii pia hutoa shahada ya miaka miwili iliyoundwa mahsusi kwa uhamisho katika lishe na tiba lishe: ukikamilisha krediti 60, una uhakika wa nafasi mahali fulani katika mfumo wa CSU, japokuwa si lazima iwe kampasi uliyoitamani.

Kosa langu lilikuwa kwenye kemia. Nilichukua kemia ya utangulizi ya muhula mmoja, ile wanayosoma wanafunzi wengi wa uuguzi, kwa sababu mshauri wa masomo aliniambia kwamba kemia ni kemia. Chuo kikuu nilichokitaka kilidai kemia ya jumla ya wanafunzi wa sayansi, kisha kemia ya kaboni, ndipo biokemia ifuate. Nilirudi mwanzo. Mshauri wa chuo cha jamii huhudumia fani zote kuanzia useremala hadi muziki, hivyo msikilize kwa heshima, lakini mwombe mfungue ASSIST pamoja. Masomo mengine yanayodaiwa mara kwa mara ni anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, takwimu, saikolojia na misingi ya upishi, nayo yanahitaji alama ya C au zaidi. Usirundike mawili yenye maabara katika muhula mmoja ikiwa unafanya kazi zamu za usiku.

Katika somo la utangulizi wa lishe, karibu kila mwalimu humtaka mwanafunzi aandike alichokula kwa siku tatu na kukichanganua kwa programu ya kompyuta. Programu yetu haikuwa na ugali. Nilinunua mizani ya jikoni, nikapima unga kabla ya kuutia kwenye maji, na gramu 100 za unga mkavu zikatoa takriban gramu 75 za wanga. Wagonjwa wa kisukari hufundishwa kuhesabu wanga kwa vipimo vya gramu 15. Sahani ile, ambayo nyumbani ingeitwa ya mtoto, ilikuwa na vipimo vitano. Tangu siku hiyo nikawa na la kuwaambia wazee wetu huku ugenini, ambao hupewa karatasi za mlo zenye picha za mikate na viazi na kuzikunja mfukoni.

Kuhusu fedha, hali yako ya uhamiaji ndiyo inayoamua. Mwenye ukazi wa kudumu, pamoja na mkimbizi, anaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, na kupata Pell Grant, ruzuku ambayo hairejeshwi. Ruzuku hiyo ina kikomo cha takriban mihula 12 ya maisha yote na kwa kawaida hailipii uzamili, kwa hiyo kila somo lisilohamishika linaila. Katika chuo cha jamii, mkazi wa California hulipa dola 46 kwa krediti, na mwenye kipato kidogo husamehewa. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hulipa mara kadhaa ya kiasi hicho, hana haki ya ruzuku za serikali kuu, na sharti asome angalau krediti 12 kila muhula, huku somo moja tu la mtandaoni likihesabiwa humo.

Kwa mwenye watoto na kodi ya nyumba, kuna kituo cha katikati kisichosemwa sana, nacho ni ufundi wa tiba lishe uliosajiliwa. Shahada ya miaka miwili kutoka programu ya mafundi yenye ithibati ya ACEND, pamoja na mafunzo yake ya vitendo, inatosha kukuruhusu kufanya mtihani wa ngazi hiyo. Unaweza kufanya kazi hospitalini au katika nyumba ya wazee huku ukiendelea na shahada ya kwanza polepole. Hakikisha tu kwamba krediti za programu hiyo zinahamishika, kwa maana baadhi yake hazihamishiki.

Maombi ya CSU kwa muhula wa Agosti hufunguliwa Oktoba 1 ya mwaka unaotangulia. Kufikia siku hiyo uwe na silabasi za masomo yako yote kwenye faili moja, hasa uliyosoma nje ya California, kwa sababu ASSIST haiyatambui na chuo kikuu kitayapima kwa kusoma karatasi hizo.