Ukitoka kuanika nguo roshanini

Ndugu zangu mnaokaa ghorofani hapa Kampala, ukitoka roshanini kuanika nguo, weka kandambili moja kizingitini. Kitasa kikiwa hakina mkono upande wa nje, upepo wa kabla ya mvua ukiubamiza mlango, umekwisha. Mimi nilikaa huko saa nzima na beseni la nguo mbichi, simu iko jikoni, hadi kijana wa boda aliposikia kelele zangu akaniitia fundi wa vitasa.

Fundi alipitia mlango mkuu. Ila ufunguo nilikuwa nimeuacha umechomekwa kwa ndani, kwa hiyo hata ule wa akiba ninaomwachia jirani ukagoma kuingia. Ikabidi atoboe silinda ya kitasa, pale ufunguo unapoingia (nyumba ya kupanga, jamani!). Ukishafunga, chomoa ufunguo, utundike msumarini. Na simu iwe mfukoni.