Mbwa mdogo anayejikuna bila kukoma: pa kuanzia na vya kuepuka

Mbwa akijikuna mara moja moja, hakuna neno. Akiamka usiku kujikuna, akalamba vidole mpaka manyoya meupe yakageuka rangi ya kutu, au akajing'ata kiunoni mpaka ngozi ikabaki wazi, huo ni mwasho wenye chanzo. Ukipaka dawa kabla hujakijua chanzo, atatulia siku chache kisha mambo yatarudi palepale.

Kabla ya yote, mpime uzito. Mbwa wa kilo 2 ukikosea nusu kilo, umekosea robo ya mwili wake mzima. Kwa mbwa wa kilo 30 kosa hilo si kitu. Mweke kwenye beseni juu ya mizani ya jikoni inayoweza kumbeba, toa uzito wa beseni, andika. Dawa zote, za kumeza na za kudondoshea, zitafuata namba hiyo. Mtoto wa mbwa mpime upya kila mara unapompa dawa, maana wiki tatu tu zinatosha kumhamisha kundi la dozi.

Angalia anajikuna wapi

Mlaze penye mwanga mzuri na ufunue manyoya kwa vidole, kuanzia puani hadi mkiani. Mwasho wa mgongo wa chini, shina la mkia na nyuma ya mapaja kwa kawaida ni viroboto. Ukoko kwenye kingo za masikio, viwiko na visigino vya miguu ya nyuma unaelekeza kwenye upele wa utitiri (vidudu vidogo mno vinavyoishi kwenye ngozi) aina ya Sarcoptes. Sugua ukingo wa sikio kwa kidole gumba: mguu wa nyuma wa upande huo ukianza kukuna hewani, shuku upele, na uangalie pia mikono yako na ya watoto, kwa sababu utitiri huo huwapanda watu.

Vidole, makwapa, tumbo, masikio na kuzunguka mdomo ni maeneo ya mzio. Mzio wa vumbi na chavua kwa kawaida huanza mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 3. Mabaka yaliyonyonyoka kwa mbwa mchanga, bila mwasho mkubwa, yanaweza kuwa utitiri wa Demodex au choa. Choa huambukiza watu, Demodex hapana. Akijiburuta makalio, tezi za pembeni mwa tundu la haja kubwa huenda zimejaa. Mbwa wadogo wanaovishwa nguo na mikanda ya kifuani hupata pia wekundu wa msuguano makwapani: vua, kausha, legeza.

Viroboto kwanza, hata kama hujawaona

Chukua kitana chenye meno yaliyobanana, chana shina la mkia na shingo, kisha kung'uta juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Vidoa vyeusi vikichuja rangi nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyokwisha kusagwa. Usipokiona, bado usiwaondoe viroboto kwenye orodha. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huteseka kwa kuumwa mara chache tu, na kwa kujilamba humeza ushahidi wote.

Hapa ndipo wengi hushindwa. Viroboto walio mwilini ni sehemu ndogo ya kundi zima. Jike hutaga mayai hata 40 kwa siku, nayo hudondoka kwenye malazi, mazulia na kochi. Buu likishajifunga kwenye kifuko chake, dawa za kupuliza hazilifikii, na linaweza kungoja humo miezi kadhaa. Ndiyo maana wiki mbili baada ya dawa unaona viroboto wapya na kudhani dawa ni feki, kumbe hao wametoka kwenye vifuko. Endelea kwa miezi 3 bila kuruka, uwatibu wanyama wote wa nyumbani, ufue malazi kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, na ufagie au kufyonza vumbi hadi chini ya makochi.

Dawa ya kudondoshea hutiwa katikati ya mabega, juu ya ngozi yenyewe. Ikibaki kwenye manyoya imepotea. Usimwogeshe siku 2 kabla wala siku 2 baada ya kuiweka, ila kama maelezo ya dawa yanasema vingine. Usigawanye dawa ya mbwa mkubwa ili uokoe hela, kwa kuwa huwezi kujua umetia kiasi gani. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi (sumu ya kupe) usiisogeze kabisa kwa mbwa mdogo, hasa Chihuahua. Dawa yenye permethrini (sumu ya wadudu) inaua paka, hata paka aliyelala tu na mbwa aliyetoka kupakwa. Kama mbwa wako amewahi kupata kifafa, mwambie daktari kabla ya kumpa vidonge vya kisasa vya viroboto na kupe.

Kuogesha kunakotibu

Ngozi ikiwa na mafuta, harufu ya uchachu au vipele vya usaha, kuna fangasi au bakteria waliopanda juu ya tatizo la kwanza. Shampuu ya mbwa yenye klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 2 hadi 4, au yenye klorheksidini na mikonazoli (dawa ya fangasi) ya asilimia 2, ndiyo ya kutafuta. Maji yawe vuguvugu, kwa sababu ya moto huongeza mwasho. Lowesha mpaka kwenye ngozi, anza kupaka sehemu mbaya zaidi, kisha povu likae dakika 10 kamili, ukitazama saa. Ukisuuza baada ya dakika mbili, dawa haijafanya kazi. Mwili mdogo hupoa haraka, kwa hiyo funga madirisha na uendelee kumsugua taratibu muda wote huo. Suuza hadi maji yatoke safi, kausha kwa kukandamiza taulo, na usisahau katikati ya vidole na mikunjo ya uso. Rudia mara 2 kwa wiki kwa wiki 3 au 4.

Sabuni ya kufulia, siki kwenye vidonda, mafuta ya mti wa chai na oili chafu ya gari viache. Mbwa hujilamba, na kilichopakwa kinaishia tumboni.

Kidonda chenye majimaji kinachopanuka: kata manyoya kukizunguka, osha kwa maji ya chumvi (kijiko cha chai bapa kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa), kisha mvishe kola ya koni. Atakasirika, lakini usimvue. Ulimi wake ndio unaokipanua.

Chakula

Mwasho wa mwaka mzima, viroboto wakiwa wamekwisha, unastahili jaribio la chakula la wiki 8. Chagua pamoja na daktari chakula chenye nyama ambayo hajawahi kula. Nyama ya ng'ombe, kuku na maziwa husababisha mzio mara nyingi zaidi kuliko nafaka nyingi. Kipande kimoja kutoka mezani au kidonge chenye ladha ya nyama huharibu jaribio zima. Akipata nafuu, mrudishie chakula cha zamani: mwasho ukirejea ndani ya wiki 2, umempata mkosaji.

Kwa daktari wa mifugo

Omba ngozi ikwanguliwe na kutazamwa kwa hadubini kabla ya sindano au vidonge vya steroidi, kwa sababu steroidi huchochea Demodex. Kwa mzio uliothibitishwa zipo pia dawa za kutuliza mwasho: vidonge vya oklasitinibu, kwa mbwa waliotimiza miezi 12, na sindano ya lokivetmabu. Ibuprofeni na parasetamoli za watu usimpe.

Nenda siku hiyohiyo uso ukivimba, fizi za mtoto wa mbwa mwenye viroboto zikipauka, au akitetemeka baada ya dawa ya ngozi. Kama ametetemeka lakini anajitambua na hana degedege, ioshe dawa hiyo haraka kwa sabuni laini ya vyombo na maji vuguvugu, mfunike asipoe, na uende na pakiti ya dawa mkononi.