Somo: Kupata msaada kwenye maktaba ya chuo

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, wengi wenu mnaingia maktaba kutafuta meza yenye soketi ya kuchajia simu. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, iliyofunguliwa 2018, inakalisha watu wapatao 2,100 kwa wakati mmoja. Humo, usipouliza, utapotea.

Hatua ya 1. Wiki ya kwanza, peleka kitambulisho ukasajiliwe, na hudhuria mafunzo ya maktaba. Usiyakimbie.

Hatua ya 2. Tafuta kitabu kwenye katalogi ya kompyuta, kisha nakili namba yake yote hadi herufi ya mwisho. Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo twende taratibu. Chukua mfano wa namba PL 8704 .K45. Kwenye mpangilio wa vitabu wa Library of Congress, yaani Maktaba ya Bunge la Marekani, PL 8701 hadi 8704 ni Kiswahili. Hiyo 8704 isome kama namba nzima, ila .K45 isome kama desimali: inatangulia .K5, kwa sababu 0.45 ni ndogo kuliko 0.5. Mimi muhula wa kwanza nilitafuta kitabu chenye namba ya namna hiyo mbele kabisa, baada ya .K9, nikaondoka nikiamini kimeibwa. Mkutubi mmoja alinishika mkono hadi kwenye rafu, akanionyesha kwa kidole. Sijasahau mpaka leo.

Hatua ya 3. Ukikosa, nenda dawati la mkutubi ukiwa na swali lililokamilika. "Naomba vitabu vya maji" halimsaidii. Mwambie: "Nina asainmenti ya uhaba wa maji Dodoma, nimeshapata vitabu hivi viwili, nahitaji makala za miaka ya karibuni." Nenda mapema, si usiku wa kuamkia siku ya kukusanya.

Hatua ya 4. Uliza pia kuhusu tasnifu za waliotangulia. Vyuo vingi vimeziweka mtandaoni.

MASWALI YENU

Shikamoo mwalimu. Nasomea uuguzi. Nikifungua makala naambiwa nilipie kwa dola. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Usilipe kwanza. Nenda kwa mkutubi umuulize kama chuo kimejiunga na Research4Life. Mpango huo ulianza 2002 na Hinari, upande wa afya hasa, na huzipa taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa bei ndogo. Nenosiri likitolewa kwako, usilirushe kwenye grupu la WhatsApp. Likivuja, chuo kizima kinaweza kufungiwa.

Mimi naona aibu, mwalimu. Kila mtu anaonekana anajua.

Hawajui, mama. Kujibu maswali ndiyo kazi tuliyowekewa sisi wakutubi pale dawatini, na anayeuliza mapema hutupa nafasi ya kumtafutia vizuri. Kama foleni inakutia hofu, njoo asubuhi, watu wakiwa wachache.

Kaka, nimepoteza kitabu cha maktaba na bumu, hela ya mkopo wa chuo, bado haijaingia. Ninyamaze hadi nimalize chuo?

Hapana, kaka. Karipoti leo. Siku ya kuondoka utazungushwa na fomu, maktaba nayo inatakiwa isaini kwamba hudaiwi. Deni likiwepo, cheti kinakwama hapo. Ukiwahi, waulize kama unaweza kununua nakala ileile ukairudisha. Na uulize tarehe ya mwisho ya kulipa, uiandike.